Pepo wa Dada Yangu

Dada yangu alianza kuanguka kifafa akiwa bado shule ya msingi. Mimi ndimi niliyemfuata kuzaliwa, na kabla hata sijafundishwa kusonga ugali nilikuwa nimefundishwa kumgeuza alale ubavu, kumwekea sweta chini ya kichwa, na kuwafukuza watoto wa jirani waliokuja kutazama. Mama alimzungusha kwa madaktari mpaka mmoja akampa tembe ndogo nyeupe za kumeza kila siku. Kuanguka kukapungua, kisha kukakoma. Alikua kama wasichana wengine, akajifunza cherehani, akakodi chumba cha ushonaji pale Dagoretti Corner. Alishona sare za shule na nguo za harusi, na wateja wake walimsifu kwa jambo moja: suruali aliyoikata yeye haikurudishwa. Walioona zamani walikuwa wamehama au wamesahau, na hakuna tena aliyejua habari ya kifafa isipokuwa sisi wa nyumbani.

Nayasema haya mapema ili ieleweke kwamba hapakuwa na fumbo lolote. Kulikuwa na ugonjwa, kulikuwa na dawa, na dawa ilifanya kazi. Kilichotuharibia ni hadithi, pamoja na mtu aliyeisoma kwa sauti nzuri huku yeye mwenyewe haiamini.

Mtu huyo alikuwa mchungaji wetu. Nyumbani kwetu ni Mountain View, na kanisa letu lilikuwa mwendo mfupi kutoka langoni kwetu. Mama alikuwa mmoja wa wale akina mama ambao bila wao hakuna harusi, matanga wala harambee inayoendelea. Mchungaji aliletwa kwetu miaka ile serikali mpya ilipokuwa imeondoa karo ya shule za msingi na kila mtu akizungumza kana kwamba nchi imeoshwa. Alikuwa amesoma ng'ambo. Alikuwa na sauti ya chini, isiyo na haraka, na hakupiga makelele mimbarini kama wengine. Nilimpenda. Siwezi kuandika juu yake bila kusema hilo, kwa sababu chuki niliyo nayo leo isingekuwa kubwa hivi kama ningekuwa nimemdharau tangu mwanzo.

Mimi nilikuwa nimeajiriwa mapokezi katika ofisi ya wapima ardhi huko Hurlingham. Mara moja kwa wiki, saa ya chakula cha mchana, mchungaji alikuja kuongoza mazungumzo ya watu wa ofisi katika ukumbi mdogo nyuma ya maduka. Tulikuwa mawakili, wahasibu, wauguzi wa kliniki za jirani, na sisi makarani. Tulikula samosa, tukanywa chai, tukauliza maswali ambayo kanisani usingethubutu.

Huko Hurlingham mchungaji alikuwa mtu mwingine. Mhasibu mmoja alimuuliza kama kweli dunia nzima ilifunikwa na maji, hadi kilele cha Mlima Kenya. Mchungaji alicheka kwa upole.

“Jamani, sisi ni watu wazima hapa,” alisema. “Walioandika Maandiko hawakuwa waandishi wa magazeti. Walikuwa wanasema ukweli kwa njia ya hadithi. Ukiuliza kama ilitokea hivyo hasa, umeuliza swali la mtoto.”

“Na mapepo?” Ni mimi niliyeuliza, kwa sababu nilikuwa namfikiria dada.

“Enzi zile mtu akianguka kifafa walisema ana pepo. Wangesema nini kingine? Hawakujua ubongo ni kitu gani. Leo yule kijana wa kwenye Injili angepelekwa kwa daktari, apewe dawa, na jioni arudi nyumbani.”

Nilirudi mezani kwangu nikiwa mwepesi. Tangu utotoni nilikuwa nikiikwepa hadithi ile ya kijana aliyekuwa akiangushwa na pepo motoni na majini, na sasa mtu aliyesoma, mtu wa Mungu, alikuwa ameniambia niiache ilale.

Wakili mmoja mwanamke, mtu wa maneno makali, alimuuliza siku hiyohiyo tukiwa tunatoka, “Mchungaji, haya unayatuambia sisi. Jumapili mbona huyasemi?”

“Kila kundi na malisho yake,” akajibu. Waliokuwa karibu wakacheka.

Muda si mrefu baadaye, Jumapili moja, akaisoma hadithi ileile kanisani kwetu. Aliisoma vizuri, lazima nikubali. Ungedhani alikuwepo: baba amechoka, mwana anatoka povu, umati umesogea kutazama, wanafunzi wa Yesu wamejaribu wakashindwa. Dada yangu alikuwa ameketi mbele yangu pamoja na mama. Niliona mgongo wake umekakamaa. Nikangoja yale ya Hurlingham. Nikangoja aseme neno “daktari”. Hata kama angelipitisha haraka, kama mtu anayevuka barabara, lingetosha.

Hakulisema. Alifunga Kitabu akasema, “Pepo huyu hakushindikana kwa sababu alikuwa na nguvu. Alishindikana kwa sababu imani ya wale waliomwombea ilikuwa ndogo kuliko mbegu ya haradali. Na wewe uliyeketi hapo leo, imani yako ina ukubwa gani?”

Akina mama wakaitikia. Mama yangu aliitikia. Dada aliinamisha kichwa, na hakukiinua mpaka wimbo wa kufunga.

Aliacha dawa wiki hiyo. Hakutuambia. Tulikuja kujua pamoja na kanisa zima, siku alipopanda mbele kutoa ushuhuda. Alikuwa amevaa gauni la buluu alilojishonea, na alizungumza bila kigugumizi, yeye ambaye nyumbani huulizwa mara tatu ndipo ajibu. Alisema mbele ya watu wote kwamba tangu utotoni alikuwa na kifafa. Watu wakaguna. Alisema amekuwa akimeza tembe kila siku kama mtumwa, akimtegemea mwanadamu, mpaka aliposikia mahubiri yale akajua shida haikuwa kichwani mwake bali katika imani yake. Akafunga na kuomba. Akazitupa tembe chooni. Na tangu hapo hajaanguka.

Kanisa lililipuka kwa vigelegele. Mimi nilikuwa namtazama mchungaji, aliyesimama kando yake. Alijua. Katika jengo lile zima, yeye peke yake, mbali na mimi, ndiye aliyejua, kwa maneno yake mwenyewe, kwamba mwanamke huyu ametupa kitu kilichomweka hai. Nikaona uso wake ukisita kidogo, kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo. Kisha akaweka mkono begani kwa dada yangu akasema, “Amina.”

Baada ya ibada nilimfuata ofisini kwake. Sikuketi.

“Mchungaji, mwambie arudie dawa. Mimi hatanisikia. Wewe atakusikia.”

“Nitazungumza naye polepole,” alisema.

“Si polepole. Leo. Bado yuko hapo nje na mama.”

“Dada, imani ya mtu si kitu cha kuvunjwa hadharani. Ametoka kusimama mbele ya watu. Nikimwambia leo kwamba haikuwa hivyo, nitakuwa nimembomoa.”

“Wewe uliniambia si pepo.”

Alitazama mlango kabla ya kujibu, na hapo ndipo upendo wangu kwake ulipoanza kuoza. “Yale ni mazungumzo ya watu wa aina fulani,” alisema. “Unaelewa.”

Nilielewa. Mimi nilikuwa mtu wa aina ya Hurlingham, na dada yangu alikuwa mtu wa aina ya mahubiri. Tulizaliwa na mama mmoja na tukalala kitanda kimoja, lakini mimi nilistahili kuambiwa kweli kwa sababu nilifanya kazi katika jengo lenye lifti.

Nyumbani nilimsihi dada mpaka tukagombana. “Wewe uliniona nikianguka miaka hiyo yote,” aliniambia, “na sasa nimesimama unataka nianguke tena, ndio uwe ulisema ukweli?” Mama akanikataza kuigusa habari hiyo. Mchungaji hakuzungumza naye, si polepole, si haraka.

Alianguka kazini, mchana, akipiga pasi suti ya mteja. Ilikuwa pasi ya makaa, ile nzito ya chuma, kwa kuwa stima pale Corner ilikuwa inapotea ovyo. Alianguka juu ya meza, pasi ikafunguka, na mkono wake wa kulia ukabaki chini ya makaa wakati mwili ukitetemeka. Mama mmoja aliyeuza mboga mlango wa pili alinusa nywele zinaungua, akaingia, akamvuta. Ni yeye aliyekimbilia simu ya jamii, ile ya kulipia kibandani, akaipigia ofisi yetu, na ni mimi niliyepokea, kwa sauti yangu ya mapokezi, nikisema habari ya mchana na jina la kampuni.

Sitaeleza mkono ulivyokuwa. Nitasema tu kwamba alikaa hospitalini hadi mvua zikaja zikaisha, na kwamba ngozi iliyoota baadaye ilivivuta vidole vikakunjika kuelekea kiganja. Sehemu ya shavu nayo iliungua. Daktari wa wodi alimsihi arudie tembe, na safari hii hata mama alimsihi, lakini alikataa. Nilipofika wodini siku ya kwanza alikuwa ameshapata fahamu. Nilidhani atasema maumivu. Alisema, “Imani yangu ilikuwa ndogo.”

Nimekutana na watu wengi wanaosema kwamba hakuna haja ya kubishana kama Maandiko ni kweli neno kwa neno, kwamba cha maana ni faida yake kwa jamii: yanafunga ndoa, yanalea watoto, yanazuia watu kuuana. Husema hivyo kwa ukarimu, kama mtu anayekusamehe. Ningependa kila mmoja wao aketi kando ya kitanda kile asikie mwanamke aliyeungua akijilaumu kwa kosa ambalo halikuwepo. Kama pepo yupo, basi dada alistahili kulaumiwa. Kama hayupo, kuna mtu alimdanganya. Hakuna njia ya tatu ya kupitia ukatoka na mikono misafi.

Mchungaji alikuja kumwona. Alileta matunda, akaomba sala fupi nzuri, na dada akamshukuru. Nilimfuata nje, kwenye baraza ambapo ndugu wa wagonjwa hungoja saa za kuona watu.

“Utasema Jumapili?” nilimuuliza.

“Niseme nini?”

“Kwamba kifafa ni ugonjwa. Sentensi moja.”

Alivua miwani akaifuta. “Ukianza na hilo huwezi kuishia hapo. Watauliza na hili je, na lile je. Wewe una kazi, una vitabu, una marafiki wa kuongea nao. Mama mjane wa Kangemi ana nini? Ana hicho Kitabu tu. Nikimwambia huku ni hadithi na kule ni hadithi, atashika wapi?”

“Dada yangu alishika. Ameungua.”

“Ninahuzunika kwa ajili yake kuliko unavyojua.”

“Huzuni yako ina mshahara na nyumba ya kanisa,” nikamwambia. Sijutii maneno hayo. Nilikuwa na makali kuliko hayo, ila muuguzi alikuwa anapita.

Dada alipotoka hospitalini tulirudi kanisani wote watatu, kwa sababu mama alisema tusipoonekana watu watasema. Dada alijifunga kitambaa mkononi na shela usoni. Watu walimsalimia kwa huruma, lakini kuna huruma inayokaa mbali kidogo. Wale waliopiga vigelegele sasa walikuwa wanamtazama kama mtu aliyewatia hasara. Mama mmoja alimnong'oneza kwamba huenda kuna dhambi hajaitubu.

Wakati wa matangazo, mzee wa kanisa aliuliza, kama ilivyo desturi, kama kuna mwenye neno. Nikasimama. Sikuwa nimepanga. Mama alinishika sketi akaivuta, na mshono wa kiunoni ukapasuka, nikausikia.

“Nina swali kwa mchungaji,” nikasema. “Kifafa ni pepo au ni ugonjwa? Ajibu neno moja tu.”

Mahali fulani mtoto alikuwa analia na mamake akamziba mdomo. Mchungaji alisimama taratibu.

“Ndugu zangu, dada yetu ana uchungu, na tunauelewa. Mungu huponya kwa njia nyingi. Huponya kwa maombi, na huponya kwa…”

“Neno moja, Mchungaji. Huko Hurlingham ulisema ni ugonjwa. Ulisema enzi zile hawakujua ubongo ni kitu gani. Hapa ulisema ni pepo. Hapa ni wapi, hata ugonjwa ugeuke pepo?”

Kama angesema “ugonjwa” ningemsamehe mengi. Kama angesema “pepo”, angalau ningejua namchukia mtu wa namna gani. Alisema, “Tuombe.” Na kanisa zima, watu walionijua tangu nabebwa mgongoni, wakainamisha vichwa na kumwombea binti aliyeingiwa na roho ya ukaidi. Wazee wawili wakaja wakasimama kando ya benchi langu mpaka nikatoka.

Nilidhani dada angenielewa. Alinifikia langoni, shela limemteleza, lile shavu liko wazi juani.

“Umenivua nguo mbele ya watu,” alisema. “Mimi nilianguka mara moja. Wewe umeniangusha tena.”

“Nilitaka ajibu.”

“Ulitaka wewe ushinde. Haukuniuliza kama nataka hiyo swali iulizwe.”

Hatukusemezana kwa muda mrefu. Mama aliondolewa kwenye kamati yake, kwa heshima, kwa kuambiwa apumzike. Alinilaumu mimi, na hadi leo akinikasirikia kwa jambo dogo kama chumvi, najua ni lile.

Dada alihama kanisa. Alianza kwenda kwa kikundi cha maombi pale Corner, kilichokutana katika chumba cha mama mwenye ploti, zile nyumba za vyumba vya kupanga alimokodi chumba chake cha ushonaji. Huyo mama nilimwogopa. Alikuwa na sauti ya kugombeza hata akikukaribisha chai, aliamini kila herufi ya Maandiko, na aliamini pia kwamba simu za mkononi ni chapa ya mnyama, ingawa alikuwa nayo. Niliona dada ameruka majivu akakanyaga moto. Siku moja nilimpelekea nguo alizosahau kwa mama, nikawakuta wawili hao wamekaa, na mama mwenye ploti akimfokea.

“Wewe msichana, dawa yako iko wapi?”

“Niliacha, mama.”

“Uliacha nani akikwambia? Kulikuwa na mfalme alikuwa mgonjwa wa kufa. Akaomba, Mungu akamtuma nabii amwambie atapona. Imeandikwa ama haijaandikwa?”

“Imeandikwa.”

“Na baada ya hiyo maombi yote, nabii alisema waweke nini juu ya jipu?”

“Tini.”

“Tini! Hiyo ni nini kama si dawa? Nabii mwenyewe anaweka dawa, na wewe unajifanya umemshinda nabii? Kesho unaenda hospitali. Sitaki mtu afie kwa nyumba yangu.”

Na dada yangu, aliyekataa kunisikiliza mimi, mama na daktari wa wodi, akaenda. Akarudia tembe. Hajaanguka tena.

Watu ninaowasimulia hufurahi wakifika hapa. Husema, unaona, Maandiko yamemwokoa. Mimi sifurahi. Yule mama alisoma ukurasa wa tini. Angeweza kusoma ukurasa wa haradali kwa uhakika uleule, na dada angemtii vilevile. Uhai wa dada yangu ulining'inia kwenye ukurasa utakaofunguka. Namshukuru yule mama, na nilimwambia hivyo mbele yake, lakini siwezi kuiita hiyo hekima. Hata hivyo yeye alisema kile alichokiamini, na alikisema kilekile kwa kila aliyebisha hodi. Yule wa Hurlingham hata hilo hakuliweza. Baadaye alipandishwa cheo, akahamishiwa kanisa kubwa zaidi. Niliwahi kumwona kwenye duka moja kubwa, akichagua mkate. Alinyoosha mkono kunisalimu. Niliutazama mkono huo ukiwa hewani, vidole vyote vitano vikinyooka, nikapita.

Dada alijifundisha kukata kitambaa kwa mkono wa kushoto. Ilimchukua muda, na suruali zingine zilirudishwa. Tulianza kuongea tena kidogo kidogo, kwa habari za bei ya nyuzi na afya ya mama, tukiizunguka ile habari nyingine kama watu wanaozunguka shimo barabarani.

Mara ya mwisho nilipomsindikiza kliniki kuchukua tembe, kulikuwa na mwanamke kijana aliyeketi karibu nasi, amempakata binti yake mwenye jeraha jipya kwenye paji la uso. Alikuwa amelia. Akamuuliza dada, kwa kuwa aliuona mkono wake, “Na wewe ni hii ya kuanguka? Kwetu wanasema ni pepo.”

“Ni pepo,” dada akajibu bila kusita.

Nilifungua mdomo. Dada hakunitazama. Alikuwa amemwinamia yule mwanamke, na ule mkono uliokunjika ameuweka kwenye goti la mwenzake.

“Ni pepo, na anaogopa dawa,” alimwambia. “Mpe mtoto kila siku. Ukiruka siku moja, anarudi. Umesikia? Usikubali mtu yeyote akwambie uache, hata akiwa na kola ya uchungaji.”

Mwanamke akaitikia kwa kichwa. Jina la binti likaitwa, wakainuka wakaingia kwa daktari. Mimi nikabaki nimeuma meno, nimekasirika, sina hata mtu wa kumkasirikia.